Maji Chafu, Ukuta Kufa

Hamna huruma ninyi. Mtu ameinama shambani tangu asubuhi, magoti yanalia kama bawaba za mlango wa kanisa, akiketi tu mnamzingira: Bibi hadithi, Bibi hadithi. Mngeniletea kuni kwa bidii hiyo hiyo, jiko lisingekuwa linafuka hivi.

Na sababu ya kuitaka hadithi naijua. Leo tumekula makande bila chumvi. Tumekula bila chumvi kwa kuwa Nietiwe, msomi wetu wa kidato cha pili, alipotumwa dukani kwa Kiondo aliyaona maandishi ya Kiingereza pale mlangoni, akaona yamekosewa, akachukua chaki akayasahihisha mbele ya wateja. Kiondo naye akasema chumvi imekwisha. Chumvi haikuwa imekwisha. Ile ndoo yake ya chumvi naijua. Sasa mmoja wenu anasema kosa ni kosa, lisahihishwe popote lilipo. Mwingine anasema maandishi yalieleweka na duka lilikuwa linauza, alitaka nini zaidi. Mnataka niamue mimi. Mimi niliyeishia darasa la pili, na hilo darasa lenyewe nusu yake nilikuwa namchotea mwalimu maji.

Siamui. Nitawapa kesi iliyowashinda watu wazima, kisha mtaamua wenyewe. Kila mtu avute mahindi yake apukuchue. Mkono ukisimama, na mdomo wangu unasimama.

Hapo zamani. Si zamani ya sungura kumdanganya fisi; ni zamani ya juzi tu, simenti ilipokuwa imeshapanda huku milimani lakini simu bado. Kulikuwa na kijiji huku huku Upareni, upande wa juu. Jina silitaji, maana wajukuu zao wako hai na wengine wana ndimi kali kuliko mimi.

Kijiji hicho kilikuwa na nyumba arobaini na ndiva moja. Ninyi mnaijua ndiva, lakini Nietiwe siku hizi anajua vitu vya vitabuni, basi nitaieleza. Ndiva ni bwawa la udongo. Kijito kinalijaza, ukuta unayashika maji, kisha linafunguliwa, maji yanashuka mferejini hadi mashambani, nyumba hii leo, nyumba ile kesho. Bila ndiva maharage yanatoa maua halafu yanakufa yakiwa na maua yake. Nyumba arobaini zilikula kwa ule ukuta.

Mlinzi wa ndiva alikuwa mjane mmoja, Nakunda. Alirithi kazi kwa baba yake, kwa sababu kaka zake walikwenda Tanga kwenye mkonge wakasahau njia ya kurudi. Shamba lake mwenyewe lilikuwa chini kabisa ya ukuta, matuta matatu. Begani alivaa pembe, ile ya kuitia msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, awe amekula au hajala. Ila haipigwi ovyo. Inapigwa kwa amri ya kamati ya ndiva. Atakayeipiga bila amri analipa mbuzi, hata awe mlinzi mwenyewe. Baba yake Nakunda aliwahi kulipa.

Ukuta ule ulizeeka. Ukawa unavuja huku na huku kama mzee asiyejizuia. Kamati ikaamua kuomba msaada kwa shirika la watu wa nje. Na shirika lilitaka barua ya Kiingereza.

Barua ya kwanza aliiandika Mbonea. Huyu Mbonea alikuwa shemeji yake Nakunda, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa miaka arobaini hivi, aliyewahi kubeba mizigo ya wazungu Kilimanjaro. Kiingereza alikuwa nacho kingi, tena cha kuchekesha, kinatiririka kama mto usio na kingo. Wazungu walimpenda. Barua yake ikarudishwa. Akaandika ya pili, ikarudishwa. Ya tatu karani wa shirika pale mjini aliwasomea wenzake kwa sauti, wakacheka wote, na mjumbe wetu amesimama palepale na kofia mkononi.

Ya nne ikaandikwa na Mwalimu Elieza. Mwalimu Elieza alikuwa amestaafu, mtu mkavu, shati lake lina mstari wa pasi hata siku ya kuchimba mfereji. Aliiandika ile barua siku nne. Alifuta, akaandika, akafuta. Ilipofika, yule karani hakucheka. Na simenti ikaja.

Kwa hiyo msianze kumchukia Mwalimu mapema. Simenti aliileta yeye, kwa Kiingereza kilichonyooka. Mpukuchue.

Pamoja na simenti akaja fundi mkuu, jina lake Aksel. Alitoka nchi ya baridi huko juu kabisa, mtu mrefu, pua inababuka kwa jua, anapenda makande kuliko sisi. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu tu: karibu, pole na pilipili. Kiingereza alikuwa nacho, lakini hakikuwa cha mama yake. Alikipata shuleni kama sisi, na mara nyingine kilimkwama kooni akawa anachora chini kwa kijiti. Angekaa miezi sita. Kamati yote ilipaswa kufanya naye kazi, kila siku, kwa Kiingereza.

Hapo Mwalimu Elieza akaweka sheria yake.

Alikata kibao cha mti, akakitoboa, akakitia kamba. Juu yake akaandika neno la Kiingereza ambalo maana yake ni "nimepinda." Akaiambia kamati: "Mmekwisha kuchekwa mjini. Hamtachekwa tena. Wakuu wa shirika watakuja kukagua, nao watawasikia. Kuanzia leo, anayekosea Kiingereza pale ndivani anavaa kibao. Akivaa, anafunga mdomo, mpaka amsikie mwenzake akikosea, ndipo anamvika huyo."

Mbonea akauliza, "Na huyo mgeni naye akikosea, Mwalimu?"

"Mgeni hapindi," Mwalimu akasema.

"Jana alipinda mara tatu kabla ya chai."

"Mbonea, shika kibao. Wewe ndiye wa kwanza."

Sheria ikafanya kazi, siwadanganyi. Katika miezi miwili watu wa kamati walikuwa wanasema Kiingereza kama kimetoka kufuliwa. Lakini jambo jingine likaja kwa mlango wa nyuma. Mtu akisema, wenzake hawakusikiliza alichosema. Walisikiliza atakosea wapi. Yule aliyevaa kibao ndiye alitega sikio kuliko wote, kama paka kwenye tundu la panya.

Mbonea alikivaa kuliko mtu yeyote. Mara ya mwisho alikivaa siku saba mfululizo. Mtu aliyezoea kuchekesha watu mlima mzima, siku saba hana neno. Alikonda.

Siku ya nane asubuhi, Nakunda alikuja ndivani akamkuta Aksel anakunywa chai. Huyo mgeni alikuwa amepata barua kuwa mkewe anaumwa. Nakunda alikuwa anajifunza kile Kiingereza kwa siri jikoni kwake, anasemesha masufuria. Alikuwa ameliandaa swali la kumuuliza mgeni hali ya mkewe. Akaliuliza, na likapinda kidogo mwishoni. Kabla Aksel hajafungua mdomo kumjibu, Mbonea, aliyekuwa karibu ametega sikio, alishavua kibao shingoni kwake akakivika shingoni kwa shemeji yake.

"Samahani, shemeji," alisema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza baada ya wiki. "Shingo imeniuma."

Swali la Nakunda likaishia hapo. Alikuwa amefungwa mdomo tayari.

Siku hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuujaribu ukuta. Aksel alikuwa ameupiga plasta ya simenti upande wa ndani, na pale palipokuwa na kizibo cha mgomba ameweka koki ya chuma yenye kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwake. Tangu alfajiri kijito kilikuwa kinajaza ndiva. Saa saba watu wakaenda kula shuleni. Pale ukutani wakabaki wanne. Aksel na daftari lake. Mwalimu Elieza na mwavuli. Mbonea anatafuna muwa. Na Nakunda na kibao chake, na pembe yake mgongoni.

Nakunda akazunguka chini ya ukuta, kama alivyofundishwa na baba yake. Baba yake alimwambia hivi: ukuta wa ndiva hutoka jasho. Jasho likiwa jeupe, uache utoe jasho, ni afya. Likiwa la tope, ukuta unajila nyama kutoka ndani. Kaa wa mtoni wametoboa, maji yamepata njia, yanahamisha udongo punje kwa punje. Usingoje kabisa. Fungua maji yatoke.

Akaangalia. Kwenye kona ya chini palitoka maji membamba kama utepe. Akayakinga kwenye kiganja. Yalikuwa ya tope.

Akapanda mbio mpaka juu. Ufunguo uko mfukoni kwa Aksel. Akasimama mbele yake, akashika kibao kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika mlango usifungwe, akasema Kiingereza chake. Nawatolea kwa Kiswahili kilichopinda kadiri kile kilivyopinda:

"Maji chafu. Ukuta kufa. Wewe fungua."

Aksel akamtazama. Mbonea akaacha kutafuna. Mwalimu Elieza akafunga mwavuli.

"Nakunda, umevaa kibao."

Nakunda akamtazama kwa macho ya kuomba. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, akaona ana jambo. "Haya, ruhusa nimekupa. Lakini sema sentensi nzima, mama. Bwana huyu anaandika kila kitu, na hicho anachoandika watakisoma wakuu wake. Usimpe vipande. Nyoosha. Rudia."

Na maji yalikuwa yanapanda.

Nakunda akarudia. "Maji chafu ukutani..."

"Maji hayo ni ya juu au ya chini? Tenganisha. Nyoosha, mama. Rudia."

Na maji yalikuwa yanapanda.

"Maji ya chini chafu. Ukuta..."

"Karibu umefika. Ukuta umefanya nini, au unafanya nini, au utafanya nini? Hayo ni mambo matatu, na kwa bwana huyu tofauti yake ni kubwa. Nyoosha. Rudia."

Na maji yalikuwa yanapanda. Chini kwenye kona ule utepe ulikuwa sasa mnene kama mkono.

Nakunda akafumba macho. Akaanza tena, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akasema kwamba maji yanayotoka chini ya ukuta ni machafu, kwamba ukuta unaliwa kutoka ndani, na kwamba anamwomba bwana afungue koki sasa hivi. Yote, mwanzo hadi mwisho. Hakuna neno lililopinda. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiingereza aliyoisema maishani bila kusahihishwa.

Mwalimu Elieza akapiga makofi. Alipiga kwa furaha ya kweli, machozi yalimlenga.

Aksel akatoa ufunguo, akashuka, akauingiza kwenye kufuli. Ufunguo ukiwa bado unazunguka, ile kona ikaachia.

Sitawasimulia ile sauti. Wao wanne waliwahi kushika mawe ya pembeni, hakuna aliyekufa, mshukuruni Mungu na mpukuchue. Lakini ukuta ulikwenda, na simenti yake, na koki yake. Matuta matatu ya Nakunda yalibaki mwamba mtupu. Leo ungeweza kuanikia nguo pale. Na huko chini nyumba arobaini zilikuwa na maharage yanatoa maua, na hakukuwa tena na maji ya kuyapeleka. Yalikufa yakiwa na maua yake. Kiangazi kile watu walikula migomba. Si ndizi. Migomba.

Kesho yake kikao kikakaa. Mkuu wa kikao alikuwa Mzee Senzota, ambaye jicho moja lilikuwa halioni na hilo lingine linaona mpaka ndani ya moyo. Na mila ya ndiva ni moja: ikivunjika kwa kosa la mtu, hairudi kujengwa mpaka jina la mtu mmoja litajwe. Jina moja. Hamgawani. Wazee walisema kosa likigawanywa linakuwa dogo kwa kila mtu, kila mtu anakwenda nalo nyumbani kulala, na ukuta unavunjika tena.

Basi Mzee Senzota akasema, "Mlikuwa wanne. Nataka mmoja. Semeni."

Mbonea akainuka kwanza, maana kimya chake kilikuwa kimemzidi. "Wazee wangu, kwani hili lina kesi? Ni Mwalimu. Nyumba ikiungua, mtu akipiga kelele 'moto,' utamwambia aongeze mwanzo na mwisho? Shemeji alisema maneno machache yakatosha. Ng'ombe angeyaelewa. Mwalimu alikuwa anapima maneno kama anapima kitambaa cha suti, na maji yanapanda."

Watu wakaguna, wakakubali. Mwalimu Elieza akasimama. Shati lake lilikuwa na mstari wa pasi hata siku hiyo.

"Mimi sikujua kwamba maji yakiwa na tope ukuta umekufa," akasema. "Hiyo ni elimu ya Nakunda na baba yake, hakuna aliyenifundisha. Nilisikia mtu anasema maji ni machafu. Maji ya ndiva ni machafu siku zote. Nilitaka aseme kitu kinachoeleweka. Mnasema yalieleweka. Ninyi mlijua jibu kabla ya swali. Barua tatu za Mbonea nazo hapa mlizielewa wote. Mjini hawakuzielewa, na mkakaa na ukuta mbovu mwaka mzima. Nilipozinyoosha hamkuniita mkatili, mliniletea kuku. Na kitu kimoja zaidi. Mbonea anasema ng'ombe angeelewa. Basi Mbonea alielewa. Muulizeni alisema nini."

Kikao chote kikageuza shingo.

Mbonea akakuna kichwa. "Nilielewa," akasema.

"Kwa neno la ngapi?" Mzee Senzota akauliza.

"La pili."

"Na unaweza kumwambia mgeni kwa Kiingereza, 'fungua'?"

"Naweza kumwambia kwa namna kumi na mbili, mzee. Na zote zimepinda." Hakuna aliyecheka, na yeye alitegemea wacheke. Akashusha sauti. "Siku saba nilikuwa nimevaa kile kitu. Mwanangu mdogo alidhani nimeugua ubongo. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya shingo nyepesi. Nikasema moyoni, Mwalimu yupo, mgeni yupo, wenye akili wapo. Kwa nini niwe mimi? Ningesema neno moja, kibao kingerudi. Nikaendelea na muwa. Lakini, wazee, mimi ni mtu mdogo pale. Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Sasa wakamgeukia Aksel. Alikuwa ameketi kwenye kigoda kifupi, magoti yako masikioni. Mzee Senzota akasema, "Mbonea, mtafsirie. Na upinde unavyotaka."

Mbonea akamuuliza kama alimwelewa Nakunda. Mgeni akajibu, na Mbonea akabaki ameachama kabla ya kulitoa jibu.

"Anasema alimwelewa tangu mwanzo. Anasema, 'Maji chafu, ukuta kufa, wewe fungua.' Anauliza, kuna nini hapo cha kutokuelewa."

"Mbona hakufungua?"

Aksel akasema maneno mengi, akichora chini kwa kijiti, na Mbonea akamfuata nyuma. "Anasema, yule mama alisimamishwa na mkubwa wake. Akadhani ni desturi yetu, mgeni asiingilie. Hilo la kwanza. La pili anaona aibu kulisema. Anasema, alipomwona anasahihishwa kila neno, akaanza kufikiri kuwa kama maneno yake yana makosa, labda na habari yake ina makosa. Akangoja maneno yapone." Mbonea akakifuata kijiti kwa macho. "Anasema, na yeye akizungumza Kiingereza mbele ya wakubwa wa shirika humsikiliza hivyo hivyo, wanatabasamu na kungoja. Anajua ilivyo. Anasema hilo ndilo linalomnyima usingizi, kwamba alikuwa anajua."

Mama mmoja nyuma akasema, "Basi ni huyu. Alikuwa na habari, na ufunguo, na akili ya shule. Alikosa nini tena?"

Watu wakaanza kuinuka. Walikuwa wamechoka, na kumpa mgeni kosa ni rahisi, maana mgeni huondoka nalo. Mzee Senzota akawaambia wakae.

"Nakunda hajasema."

Nakunda alikuwa ameketi chini karibu na mlango. Amepoteza matuta matatu. Watu waliona haya hata kumtazama. Nani atamuuliza aliyefiwa kama ndiye aliyeua?

Mzee Senzota akamuuliza. "Mwanangu, Mwalimu alipokusimamisha, mbona hukumwambia kwa Chasu? Lugha ya mama yako na ya mama yake. Angekuelewa kwa pumzi moja."

"Nilikuwa nimevaa kibao, baba. Kibao kinafunga mdomo. Aliponifungua, alinifungulia Kiingereza tu."

"Sawa. Na pembe ilikuwa wapi?"

Nakunda akageuza uso mlangoni.

"Nakunda. Pembe."

"Mgongoni kwangu."

Kutoka ndivani mpaka shuleni ni hatua mia mbili. Watu wa nyumba arobaini walikuwa pale wanakula, na majembe yao yameegemezwa kwenye ukuta wa darasa. Pembe ingelia, wangefika, wangekata mfereji wa pembeni, maji yangepungua bila ufunguo wa mtu.

"Pembe haina sarufi, shemeji," Mbonea akasema taratibu. Hakusema kwa kejeli.

"Kuipiga bila amri ni mbuzi," Nakunda akasema. "Baba alilipa mbuzi. Nilimwona." Akashika kingo za kanga yake, akazikunja, akazikunjua. Angeweza kuishia hapo, na wangemwacha. Lakini akaendelea. "Si mbuzi, baba. Nitasema kweli. Mara ya kwanza nilisema kwa ajili ya ukuta. Ya pili kwa ajili ya ukuta. Ya tatu sikumbuki. Ya nne nilitaka kuipata. Miezi miwili nasema na masufuria. Mwalimu alikuwa ananitazama kama ninaweza. Nikataka, mara moja tu, niseme mbele ya watu na mtu asinirudishe nyuma. Niliipata. Nilipoipata nilifurahi. Nilisikia ukuta unalia na mimi bado nimefurahi."

Mwalimu Elieza akainamisha kichwa, akakiinamisha sana.

Sasa mnaiona kesi. Mwalimu alisimamisha maneno yaliyotosha, na bila Mwalimu kusingekuwa na simenti ya kuvunjika. Mbonea alielewa akatafuna muwa, na shingo yake ilikuwa imechoka kweli. Mgeni alielewa, ana ufunguo, akangoja maneno yapone. Nakunda alijua kuliko wote, alipoteza kuliko wote, na pembe ilikuwa mgongoni kwake.

Mzee Senzota alitoka nje peke yake. Aliporudi akataja jina moja. Watu walishangaa kidogo, kisha hawakushangaa tena. Mwenye jina hakubisha. Akasimama palepale, akavuta pumzi, akakubali.

Na malipo yake yalikuwa haya. Mbuzi mmoja wa tambiko la kuosha mahali pale. Halafu mawe arobaini, jiwe moja kwa kila nyumba, kutoka kule mtoni mpaka kwenye msingi wa ukuta mpya, begani, bila kusaidiwa, na shingoni kile kibao. Kila jiwe likishawekwa, mwenye hatia alipaswa kusimama juu yake, ageukie mashamba yaliyokauka, na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka chini: "Maji chafu. Ukuta kufa. Wewe fungua." Kwa Kiingereza kile kile cha Nakunda. Kimepinda palepale kilipopinda. Asiongeze kitu, asipunguze, asinyooshe. Akinyoosha hata neno moja, jiwe linarudi mtoni.

Ilichukua siku kumi na nne. Nilikuwa nasimama shambani kwangu, mimi na maharage yangu yaliyokufa, nasikiliza. Siku za kwanza sauti ilikuwa ndogo, ya aibu. Mawe mawili yalirudi mtoni, maana mdomo ulinyoosha wenyewe. Jiwe la ishirini ikawa sauti ya mtu anayesema anachokijua. Jiwe la arobaini sauti ilikuwa imekwisha kabisa, ikatoka pumzi tu, lakini hakuna aliyehitaji kuisikia. Nyumba arobaini zilisimama kwenye matuta yao na kuisema pamoja naye, wazee na watoto, hata wale ambao hawakuwahi kujua neno lingine la Kiingereza mpaka walipokufa.

Kibao kiliwekwa ndani ya ukuta, chini ya jiwe hilo la mwisho. Kipo mpaka leo.

Jina silitaji. Nietiwe, acha kunitazama hivyo, wewe ndiye utajibu wa kwanza, kabla hujakwenda kuomba chumvi kwa Kiondo. Jibu kwa lugha unayotaka, inyooshe au ipinde, mimi nitakusikia. Katika wale wanne, nani alistahili kuyabeba mawe arobaini?